Siri ya jeshi na hesabu za kampuni: mfanyabiashara aulize nini?

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MFANYABIASHARA wa Kahama, Katoro au Shinyanga mjini anayeuza bidhaa kwa mkopo huwa na maswali matatu kabla ya kufungua stoo. Kampuni hii ni ya nani? Inadaiwa na nani mwingine? Ikishindwa kulipa, nimfuate nani? Akijibiwa vizuri hutoa mali. Asipojibiwa huomba fedha taslimu.

Maswali hayo hukwama pale mteja anapokuwa kampuni yenye uhusiano na vyombo vya ulinzi. Akisema habari zake ni siri ya jeshi, wauzaji wengi hunyamaza. Baadhi hunyamaza kwa kuogopa sheria. Wengine hunyamaza kwa furaha, wakiamini kwamba nyuma ya kampuni hiyo ipo serikali, na kwamba serikali haifilisiki.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi serikali zinavyosimamia siri zilizo mikononi mwa kampuni za biashara, na kwa nini usimamizi huo unamhusu mwenye duka la vipuri na mwenye hisa chache kama unavyomhusu jenerali. Ukanda wa Ziwa unalo somo lake katika jambo hili, nalo ni kampuni ya Meremeta. Kabla ya kufika huko, tuanze na sheria.

Sheria inasemaje

Sheria kuu ni ile ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo ni Sura ya 47 ya sheria za nchi. Mtu anayempa jambo la siri mtu asiyeruhusiwa kulipokea anaweza kufungwa hadi miaka 20. Hiyo si sheria ya kuchezea, na mfanyabiashara yeyote anayeingia mkataba na chombo cha ulinzi ni vizuri aisome pamoja na wakili wake kabla ya kutia saini.

Miaka 46 baadaye ilikuja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Hii inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka za umma, na papo hapo inataja taarifa zinazoweza kuzuiwa. Miongoni mwake ni zile zinazohusu usalama wa taifa: mikakati ya kijeshi, uwezo wa majeshi na mahali yalipopangwa, shughuli za ujasusi, habari za serikali za nje zinazogusa usalama wetu, na udhaifu wa mitambo au majengo yanayolindwa. Sheria hiyo haikusahau mambo ya kiuchumi, mradi yawe yanahusiana na usalama wa taifa.

Hapo kwenye uchumi ndipo penye shida. Idadi ya bunduki katika kambi ni siri, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayebisha. Lakini vipi kuhusu majina ya wenye hisa katika kampuni iliyopewa kazi na jeshi? Vipi kuhusu mkopo ambao kampuni hiyo imechukua nje, na serikali ikaudhamini? Mambo hayo ni ya kiuchumi, na mtu akitaka anaweza kuyavika nguo za usalama. Ndiyo maana kila nchi yenye makandarasi wa ulinzi inahitaji mtu wa tatu, aliye nje ya kampuni na nje ya ofisi iliyotoa kazi, wa kuchora mstari kati ya siri ya ulinzi na hesabu za biashara.

Wamarekani wanavyofanya

Mfano unaofahamika kuliko yote ni wa Marekani, kwa sababu nchi hiyo hununua karibu kila kitu cha jeshi lake kutoka kwa kampuni binafsi. Januari 1993 Rais George H. W. Bush alitia saini amri namba 12829 iliyounganisha taratibu za idara mbalimbali kuwa mpango mmoja wa usalama wa viwanda. Msimamizi wa kila siku ni idara iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, ambayo tangu mwaka 2019 inajulikana kwa kifupi kama DCSA. Juu yake ipo ofisi nyingine ya uangalizi, nayo imewekwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, mbali kabisa na wanajeshi. Kampuni zilizo ndani ya mpango huo zinazidi 10,000, kuanzia watengenezaji wa ndege za kivita hadi karakana zenye wafanyakazi wachache.

Kampuni haipewi karatasi ya siri kabla ya kupekuliwa. Upekuzi una sehemu tatu: kampuni yenyewe, watu wake, na mahali pa kutunzia nyaraka. Sehemu ya kwanza ndiyo inayomhusu zaidi msomaji wa ukurasa huu, kwa sababu swali lake kuu ni lile lile la mwenye duka wa Kahama: kampuni hii ni ya nani? Wakaguzi wanataka kujua wenye hisa, wakopeshaji, wakurugenzi, na mapato yanayotoka nchi za nje. Mgeni akiwa na nguvu ya kuiamuru kampuni, haipati kibali mpaka nguvu hiyo ifungwe kwa mkataba.

Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ni mfano mzuri. Tawi lake la Marekani ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa jeshi la nchi hiyo, lakini linafanya kazi chini ya mkataba maalum wa usalama. Katika bodi yake wamo raia wa Marekani waliokubaliwa na serikali, na kazi yao ni kuhakikisha siri hazivuki bahari kwenda makao makuu London. Mwenye mali anapata faida yake, ila haoni nyaraka.

Kibali kikishatolewa, kampuni huteua ofisa wake wa usalama, hujikagua yenyewe kila mwaka, na hupokea wakaguzi wa serikali wanaoipa daraja. Madaraja ni matano, kutoka bora kabisa hadi lisiloridhisha. Anayeangukia daraja la mwisho anaweza kusimamishwa asipewe kazi mpya za siri, na kwa kampuni inayoishi kwa zabuni za ulinzi hiyo ni sawa na duka kufungwa kwa kufuli ya hakimu.

Mambo mawili katika utaratibu huo yanastahili kukumbukwa. Kwanza, kila mkataba wenye siri huambatanishwa na fomu, ile namba 254, inayotaja kitu gani hasa katika kazi hiyo ni siri na ni cha ngazi gani. Kisichotajwa hakigeuki siri kwa sababu tu mteja ni jeshi. Pili, amri ya Rais Barack Obama ya Desemba 2009 kuhusu nyaraka za siri inakataza kupiga muhuri wa siri kwa nia ya kuficha uvunjaji wa sheria, uzembe, makosa ya kiutawala au aibu ya mtu au ofisi. Katazo la namna hiyo lilikuwamo pia katika amri za marais waliomtangulia.

Kutokana na hayo, makandarasi wengi wa ulinzi wa Marekani wameandikishwa katika soko la hisa la New York. Mtu wa kawaida anaweza kununua hisa zao, kusoma mizania yao, kujua madeni yao na mishahara ya wakurugenzi wao, bila kujua hata siku moja jinsi kombora linavyolengwa.

Mkaguzi naye akikosea

Msomaji asidhani kwamba utaratibu huo hauvuji. Juni 2013 Edward Snowden, mfanyakazi wa kampuni ya Booz Allen Hamilton iliyokuwa na kandarasi katika shirika la ujasusi wa mawasiliano, alitoa nyaraka nyingi za siri kwa waandishi wa habari. Ilipoulizwa nani alimpekua mtu huyo kabla ya kupewa kibali, jibu lilikuwa kampuni nyingine binafsi, USIS. Serikali ilikuwa imeiajiri ifanye kazi ya upekuzi wa watu.

Januari 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani iliifikisha USIS mahakamani, ikidai kwamba kampuni hiyo ilipeleka serikalini mafaili yapatayo 665,000 kama yaliyokamilika, wakati hayakupitiwa inavyotakiwa. Kisa chake ni rahisi kukielewa kwa mtu yeyote aliyewahi kulipa vibarua kwa kipande: kampuni ilikuwa ikilipwa kwa kila faili linalotoka, hivyo haraka ikawa na faida kuliko umakini. Septemba 2014 serikali ilikataa kuendelea na mikataba yake. Februari 2015 kampuni mama, Altegrity, iliomba kinga ya mufilisi. Agosti mwaka huo huo ilikubali kuachia angalau dola milioni 30 ilizokuwa ikiidai serikali, ili kumaliza shauri.

Mwekezaji aone hapo jambo moja. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi na waliokopesha waliingia hasara, lakini yote yalitendeka hadharani. Shauri lilisomwa mahakamani, kiasi cha fedha kilitajwa, na wadai walijua foleni yao ilikuwa wapi. Majina ya waliopekuliwa na yaliyomo kwenye mafaili yao yalibaki siri.

Meremeta na dhahabu ya Buhemba

Sasa turudi nyumbani. Meremeta ilianzishwa mwaka 1997 na kuandikishwa nje ya nchi. Kwa maelezo yaliyotolewa na serikali, lengo la awali lilikuwa kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa, na manufaa yake yaende kwenye shughuli za jeshi, likiwamo shirika la Nyumbu la Kibaha linalojishughulisha na teknolojia ya magari. Hisa ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya Serikali ya Tanzania na kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Triennex.

Kwa mtazamo wa biashara wazo hilo halikuwa la ajabu. Wakati ule dhahabu ya Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na machimbo mengine ya Geita na Shinyanga ilikuwa ikipita mikononi mwa walanguzi, na sehemu kubwa ilivuka mipaka bila kulipiwa chochote. Mnunuzi mwenye mtaji na ulinzi angeweza kupata faida.

Baadaye kampuni iliacha kununua kwa wachimbaji wadogo ikaingia kwenye uchimbaji wenyewe huko Buhemba, mkoani Mara, kilomita chache kutoka Butiama. Uchimbaji wa kisasa unahitaji mtaji mkubwa, kwa hiyo zilikopwa fedha nje, kutoka benki ya Nedcor ya Afrika Kusini. Mgodi haukudumu. Deni lilibaki, na Benki Kuu ya Tanzania ndiyo iliyolilipa. Kiasi kilichozoeleka kutajwa bungeni na magazetini ni sh. bilioni 155, yaani zaidi ya dola milioni 100 kwa thamani ya shilingi ya wakati huo. Mali na madeni ya Meremeta yalihamishiwa kampuni nyingine ya serikali, Tangold.

Wabunge wa upinzani, akiwamo Dk. Willibrod Slaa wa Karatu, walitaka maelezo: nani walikuwa wenye kampuni, fedha zilitumikaje, na kwa nini Benki Kuu ilipe. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati huo, Bw. Mizengo Pinda, aliliambia Bunge kwamba suala la Meremeta ni la jeshi na haliwezi kujadiliwa hadharani kwa sababu za usalama. Maombi ya kuunda kamati teule hayakufanikiwa.

Ukurasa huu hauna kazi ya kuhukumu mtu. Tunachofanya ni kuiweka Meremeta kwenye mizani ile ile tuliyoieleza juu. Swali la kwanza la mkaguzi wa siri ni umiliki. Hapa nusu ya hisa ilikuwa ya wageni. Kama ndani ya kampuni kulikuwa na siri za jeshi, basi mwenye hisa kutoka nje alikuwa amekaa nazo meza moja. Swali la pili ni la mkopeshaji. Benki yoyote inayokopesha mamilioni ya dola husoma vitabu vya mkopaji, mipango yake na dhamana zake kabla ya kutoa senti. Kwa hiyo hesabu ambazo mbunge wa walipakodi hakuruhusiwa kuzijadili zilikuwa za aina ile ambayo mbia wa kigeni na benki ya kigeni huzidai kama haki yao.

Swali la tatu ni la fomu. Je, mahali fulani palikuwa na karatasi inayosema jambo hili katika Meremeta ni siri ya ngazi fulani, na mengine yote ni biashara ya kawaida? Kama ingekuwapo, Waziri Mkuu angeweza kufunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Bei ya mashine ya kusaga mawe, tani zilizochimbwa, riba ya mkopo na tarehe ya kuulipa vingejadiliwa, na kilicho cha jeshi kikabaki cha jeshi.

Msomaji anajua kilichofuata sokoni. Machi 2008 bei ya dhahabu duniani ilipita dola 1,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Buhemba ilikuwa imekwisha simama, na eneo hilo baadaye likaenda kwa STAMICO, huku wachimbaji wadogo wakirudia miamba na mabaki. Waliowahi kuuza chakula, mafuta na huduma pale walibaki na kumbukumbu za biashara iliyokufa bila taarifa ya mufilisi inayoeleza nani anadai nini.

Rada ilivyofunguliwa kwa vitabu

Kisa cha pili ni cha rada ya kijeshi iliyonunuliwa na Tanzania kwa BAE Systems kwa mkataba wa mwaka 1999, bei ikiwa takriban pauni milioni 28. Palikuwa na ubishi mkubwa kama nchi ilihitaji chombo cha bei hiyo, na wataalamu wa usafiri wa anga wa kimataifa walikiona ni ghali mno kwa mahitaji ya kiraia.

Ubishi huo ulifika mahakamani kwa njia ambayo mhasibu ataipenda. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark, London, BAE ilikiri kosa moja tu: kutotunza vizuri vitabu vya hesabu kama sheria ya makampuni ya Uingereza inavyotaka. Malipo ya takriban dola milioni 12.4 kwa kampuni za wakala wa mauzo yalikuwa yameandikwa kama huduma za kitaalamu, maelezo ambayo hayakuonyesha yalikuwa ya nini. Kampuni ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ikalipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Fedha hizo zilikuja kutumika katika elimu, kununulia vitabu na madawati ya shule za msingi.

Katika shauri lote hilo hakuna aliyehitaji kujua rada inaona umbali gani au imeelekezwa wapi. Leja ilitosha.

Wakaguzi tulionao

Tanzania haina idara inayofanana na ile ya Marekani, yaani inayopekua na kukagua kampuni binafsi kwa ajili ya siri za ulinzi na kutangaza masharti yake. Tulichonacho ni wakaguzi kadhaa, kila mmoja akishika kipande chake.

Wa kwanza ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 143 ya Katiba inampa haki ya kuona vitabu vyote vya hesabu za serikali. Taarifa yake huenda kwa Rais, naye huiagiza ifikishwe bungeni ndani ya siku saba tangu Bunge lianze kukaa. Katiba haikulitoa jeshi nje ya mkono wake.

Wa pili ni sheria ya ununuzi. Sheria ya mwaka 2004, na baada yake ile ya 2011, zilivitaka vyombo vya ulinzi na usalama vinunue kwa kutumia orodha mbili: moja ya vitu vinavyoshindaniwa wazi kama mchele, saruji na magodoro, na nyingine ya vitu vinavyonunuliwa kwa njia ya faragha. Ile ya 2011 ilitaka orodha ya faragha ikubaliwe kila mwaka na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine mwaka 2023. Wazo la orodha mbili ndilo lililo karibu zaidi na ile fomu namba 254 ya Wamarekani, kwa kuwa linamlazimisha mnunuzi aseme mapema kipi ni siri na kipi ni gunia la maharage.

Wa tatu ni wa sekta ya madini yenyewe. Wakazi wa Kahama hawajasahau mkataba wa Buzwagi uliotiwa saini London mwaka 2007, wala Agosti ya mwaka huo ambapo Bw. Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge kwa muda baada ya kuhoji mkataba huo bungeni. Wakati ule mikataba ya madini ilikuwa siri kwa sababu za kibiashara. Kamati ya Jaji Mark Bomani ikaundwa, Sheria ya Madini ikaandikwa upya mwaka 2010, na mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba na majina ya wenye kampuni yawekwe hadharani. Migodi haikufungwa kwa sababu hiyo. Geita imeendelea kuchimba, na Buzwagi ilipofungwa mwaka 2021 ilifungwa kwa kuishiwa mawe yenye faida.

Hata mashirika ya jeshi yenyewe yanaonyesha kwamba hesabu zinaweza kusemwa. Matrekta ambayo SUMA JKT iliyauza kwa mkopo wakati wa Kilimo Kwanza yaliacha madeni makubwa. Madeni hayo yalijadiliwa bungeni na magazetini, wadaiwa wakahimizwa walipe, na hakuna kambi iliyodhurika.

Dhahabu ya leo

Kuna sababu ya kuyaeleza haya sasa. Machi 17, 2019 soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata, Kahama na Shinyanga yakiwamo. Mchimbaji wa Mwakitolyo anapoleta gramu zake sasa hukuta bei imeandikwa na mzani unaangaliwa. Dhahabu iliyokuwa ikipitia uchochoroni ilianza kupitia dirishani.

Tangu Oktoba 1, 2024 wenye migodi na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya mali yao isafishwe na kuuzwa hapa nchini, na Benki Kuu ni mnunuzi. Mnunuzi wa serikali aliyekuwa akitafutwa mwaka 1997 amepatikana, safari hii kwa masharti yaliyochapishwa na punguzo la mrabaha linalojulikana kwa kila muuzaji. Tofauti na Meremeta inaonekana kwenye karatasi: anayeuza anajua anamuuzia nani, kwa bei gani, na atalipwa kwa utaratibu upi.

Hata hivyo ulinzi wa dhahabu, usafirishaji wake, baruti na ujenzi ni kazi zinazoendelea kuvutia kampuni zenye uhusiano na vyombo vya dola, na wauzaji wa ukanda huu wataendelea kubishiwa hodi nazo. Biashara na kampuni hizo ni halali na inaweza kuwa nzuri. Kinachotakiwa ni kuuliza bila kuvuka mpaka wa siri.

Mfanyabiashara afanye nini

Kwanza, usiulize kazi ya kijeshi, uliza kampuni. Lipia upekuzi BRELA uone jina, wakurugenzi na wenye hisa. Kampuni iliyoandikishwa nje bila cheti cha kufanya kazi nchini usiipe mali kwa mkopo, hata ikiletwa na gari lenye namba za jeshi.

Pili, taka oda ya maandishi yenye jina la atakayelipa. Kati ya jeshi, shirika la jeshi na kampuni ambayo jeshi lina hisa ndani yake, kila mmoja ana mfuko wake. Ankara iliyoandikwa jina lisilo sahihi inaweza kuzunguka ofisi tatu kwa mwaka mzima.

Tatu, kama mkataba una kipengele cha siri, omba kitaje ni nini hasa unachotakiwa kukitunza: ramani, ratiba ya magari, majina ya walinzi. Kipengele kinachosema kila kitu ni siri kitakufunga hata usiweze kumwonyesha benki oda yako unapoomba mkopo, wala kumwonyesha hakimu deni lako.

Nne, usihesabu serikali kama dhamana ya haraka. Sheria ya mashauri dhidi ya serikali inamtaka mdai atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na mabadiliko ya mwaka 2020 yalipanua mlango huo ukafika kwenye mashirika na kampuni ambazo serikali ina hisa nyingi zaidi. Hata ukishinda, dalali wa mahakama hawezi kukamata mali ya serikali. Weka gharama ya kungoja ndani ya bei yako, au uza kwa mafungu, fungu la pili litoke baada ya la kwanza kulipwa.

Tano, kwa wenye hisa: kampuni mnayotaka kununua ikitaja zabuni za ulinzi kama chanzo cha mapato, tazameni kiasi cha wadaiwa kwenye mizania na umri wa madeni hayo. Mkurugenzi anaweza kukataa kutaja alichouza. Kiasi anachodai, na tangu lini, hawezi kukataa kukitaja, kwa sababu hicho ni chenu.

Sh. bilioni 155 za Meremeta zililipwa na walipakodi ambao wengi wao hawajawahi kufika Buhemba. Kwa muuzaji mmoja wa Kahama hasara ya namna hiyo huwa ndogo kwa tarakimu, lakini yeye hana Benki Kuu ya kumlipia.